Kifutio na Mgeni wa Maporomoko

Nywele za yule mwanamke pichani zilikuwa kavu. Hilo ndilo lililomkera mpigapicha: mtu kasimama chini ya maporomoko, maji yanammwagikia kichwani, na nywele kavu kama nyasi za kiangazi.

Wateja walimwita Kifutio. Maporomoko yale ya msituni yalikuwa karibu na barabara, hata bibi mwenye mkongojo aliyafikia, kwa hiyo hapakukosa mtu baki wa kuharibu picha za maharusi. Kifutio aliwafuta hao kwenye kompyuta, na sifa zikamvimbisha kichwa.

Safari hii picha zilikuwa za mkewe na binti yao, za kupamba studio. Akamfuta yule mwanamke. Picha ya pili, yupo tena, kasogea. Akasonya, akafuta. Harufu ya mawe mabichi ikajaa chumbani, mchana kweupe, madirisha yamefungwa.

"Mke wangu," alinong'ona, "siku ile nyuma yenu alikuwepo nani?"

"Tulikuwa peke yetu." Mkewe aliinama kutazama, ufagio ukamponyoka. "Mume wangu, acha. Huyo si mtu. Tumwite mganga, nakuomba."

"Mganga anajua nini kuhusu picha? Hii kazi yangu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Katika picha ya tatu mwanamke alikuwa amemshika mtoto mkono, vidole vimeshikamana na vidole, na Kifutio, jasho likimtiririka, ngurumo ya maji ikitoka kwenye spika ambazo hakuziwasha, akaona hawezi kuwatenganisha, akajiambia nitafuta mikono yote miwili, kisha mkono wa mwanangu nitautoa kwenye picha nyingine niubandike hapa, kama alivyozoea kuwafanyia wateja wake, akabonyeza.

Binti yao alikuwa katika chumba cha nyuma akichora. Hakulia. Alikuja mlangoni polepole.

"Baba, kalamu imeanguka."

Mkono wake uliishia kwenye kifundo. Hapakuwa na damu wala kidonda, ngozi tu, laini na ya baridi. Mama mtu alipiga yowe, akamkumbatia. Kifutio aliirukia kompyuta, akijaribu kurudisha alichofuta, na kompyuta ikamrudishia povu, mawe na majani, lakini mkono haikumrudishia. Alilia kama mtoto mdogo.

Mganga aliletwa, mzee mfupi asiye na maneno mengi. Alifukiza, akakemea, akakemea tena mpaka kuta zikatoa jasho, na maji yakabubujika kutoka ndani ya spika, yakatambaa sakafuni, yakapita miguuni pa mtoto, yakatoka chini ya mlango. Harufu ikakatika.

"Ameondoka," mganga alisema, akifunga mkoba wake. "Hatarudi tena."

"Na mkono wa mwanangu?" Kifutio aliuliza.

"Si alikuwa ameushika? Ameondoka nao."