Kiu ya Kalin

Zornitsa ni jirani yetu wa ghorofa ya pili hapa mjini Ruse, na haya yalimpata mwezi wa saba, mchana kweupe. Alinisimulia mara moja tu, macho yakiwa dirishani, na nilipomwomba arudie alisema hawezi. Kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyapokea.

Siku waliyoondoka ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Baba yake, Rumen, alikuwa amerudi kutoka Hispania baada ya miaka sita ya kuendesha malori, na alichorudi nacho ni gari-nyumba kuukuu: mbele usukani, nyuma vitanda, jiko dogo la gesi, sinki, na choo chembamba kama kabati. Aliliita Ikulu. Walipanga kwenda kuona maporomoko ya Krushuna, kisha wapande milimani juu ya mji wa Troyan kumtembelea dada yake baba, Shangazi Tsonka, ambaye hawakuwa wamemwona tangu wote watatu wahamie Hispania. Kazi zilikuwa zimegawanywa. Injini ya baba, jiko la mama, na sanduku la choo la Zornitsa, aliyekuwa na miaka kumi na sita.

Sanduku lenyewe ni la plastiki, hukaa chini ya choo kupokea uchafu, linachomolewa kwa nje, lina mpini kama begi. Likijaa, taa nyekundu inawaka, na unalibeba mpaka mahali pa kumwagia. Pale Krushuna mahali hapo palikuwa mwisho wa kambi ya watalii, na ili ufike ilibidi upite mbele ya meza waliyokaa vijana wa chuo kutoka Sofia. Siku ya kwanza Zornitsa alipita. Kijana mmoja mwenye nywele ndefu akabana pua, akasema, “Jamani, chakula kimeletwa.” Wenzake wakacheka, hata wasichana. Ulikuwa utani tu, wala hawakumfuata. Lakini masikio ya Zornitsa yaliwaka moto mpaka jioni. Kesho yake mama alipomuuliza kama amemwaga, akasema amemwaga. Siku iliyofuata akasema hivyo tena.

Jumanne wakaondoka kwenda kwa shangazi. Kilomita nne kabla ya kijiji, kwenye mwinuko, mkanda wa feni ukakatika. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukafoka kwenye rejeta, na baba akaegesha chini ya miti akisema Ikulu imeomba likizo. Alisimamisha lori la magogo, akashuka nalo Troyan kutafuta mkanda mwingine. Mama akavuta mapazia akalala, maana lilikuwa joto la kukausha mate mdomoni. Zornitsa akabaki na ile taa nyekundu. Ilikuwa inawaka. Baba akirudi ataiona, na ataelewa kwamba binti yake amekuwa akimdanganya kwa jambo kama lile.

Akachomoa sanduku. Lilikuwa zito. Alilikokota kando ya barabara mpaka kwenye kona, akakuta chemchemi iliyojengewa kwa mawe, bomba la chuma likitiririsha maji kwenye hori refu. Ziko nyingi kwetu. Mtu akifiwa huijenga barabarani kwa jina la marehemu wake. Msafiri akinywa husema “Mungu amrehemu,” na kila anapokunywa mpita njia, marehemu naye hukata kiu. Zornitsa alilijua hilo tangu utotoni. Aliona hata kwamba juu ya bomba kuna picha ya mtu. Hakuitazama. Asingeweza kufanya alichokuja kukifanya huku mtu anamwangalia.

Alitaka kumwaga nyuma ya ukuta, lakini nyuma palikuwa mwamba mtupu, na gari lilisikika likipanda mlima. Akamwaga horini. Yote. Ile dawa ya bluu ilitangulia, kisha mengine yakafuata, na tundu la kutolea maji likaziba. Akakimbia, sanduku tupu likimgonga magotini. Nyuma yake maji yaliendelea kutiririka, yakijaza hori lile taratibu.

Baba alirudi na mkanda, akaufunga, wakaondoka. Kwenye kona alikuwa amekodolea macho mshale wa joto. Zornitsa alijifanya anafunga kamba za kiatu.

Shangazi Tsonka aliwapokea getini, amevaa nyeusi juu mpaka chini. Alilizunguka lile gari akilipiga makofi ubavuni. “Kaka yangu amekuja na nyumba mgongoni kama konokono,” alisema. “Wifi, na wewe anakulaza wapi, kwenye droo?” Wakacheka wote. Kisha baba akaiona karatasi ya tanzia iliyobandikwa getini, zile ambazo kwetu hubaki hapo miaka, yenye picha ya kijana anayetabasamu, na kicheko chake kikakatika.

Kalin alikuwa mtoto pekee wa shangazi. Alikufa kwa pikipiki miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka ishirini na moja. Ndiye aliyemfundisha Zornitsa kuendesha baiskeli, akimshika kiti kwa nyuma na kuapa kwamba hatamwachia. Hawakuja kumzika. Baba alisema kwamba hakupewa ruhusa kazini. Hakuwa ameiomba.

Mezani kulikuwa na pilipili hoho za kuchoma, jibini na mkate. Shangazi aliwajazia sahani, kisha akauliza kwa furaha kama mtoto, “Mlisimama kunywa kwa Kalin?”

Baba hakuelewa. Shangazi akaeleza kwamba vuli iliyopita alimjengea mwanawe chemchemi palepale kwenye kona alipoangukia. Mama akasema gari liliwafia karibu na hapo.

“Basi ni yeye aliyewasimamisha,” shangazi akasema. “Mwanangu alitaka kuwapa maji.”

Zornitsa aliweka uma chini. 

Walilala kwenye gari, uani. Jumatano asubuhi baba alijaza tangi la maji la gari kwa mpira wa shangazi, lita themanini. Kufika saa sita halikuwa na tone. Akajaza tena. Saa tisa, kavu. Baba alitoa spana na bisibisi, akalala chali chini ya gari, akafungua kila kiungo. Hakuona panapovuja. Vumbi chini ya gari lilikuwa kavu kama unga. Shangazi alimwambia kwamba labda Ikulu ina wageni wengi. Baba hakucheka. Tangi lilikuwa jipya.

Zornitsa ndiye aliyegundua jambo la pampu. Pampu inayovuta maji ya tangi hailii mpaka mtu afungue bomba la sinki. Alikuwa peke yake garini, anakunja mashuka, ilipoanza kunguruma. Ikanyamaza. Ikanguruma tena, kidogo, ikanyamaza. Kama mtu anayegugumia maji, akapumzika kuvuta pumzi, akaendelea. Alitazama bomba. Lilikuwa limefungwa. Sinki lilikuwa kavu.

Alhamisi shangazi aliamka amevimba macho. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba amemwota Kalin. Alikuwa amesimama uani na midomo imepasuka, anatoka damu. Akamwambia mwanangu, ingia ndani. Naye akasema haingii. Maji yake yamechafuliwa, atakunywa hukohuko garini kwa wageni.

Kabla meza haijaondolewa, Mzee Mincho akabisha. Ni mchunga mbuzi, mtu wa maneno machache, na mbuzi wake walishawahi kula maua ya kaburi la Kalin, jambo ambalo shangazi hakulisahau. Alivua kofia akasema polepole kwamba amepita kwenye kona, na chemchemi imefanyiwa uchafu. Uchafu wa binadamu.

Shangazi alisimama. Alimfuata mpaka barabarani, na majirani wakatoka. Alimwita mchawi, mzee asiye na haya, mtu wa kujisaidia juu ya mtoto wa mwenzake. Alimtemea mate miguuni. Mzee Mincho alisimama na kofia yake mkononi, kichwa wazi juani, mpaka shangazi alipomaliza. Kisha akaondoka. Alipita karibu sana na Zornitsa. Zornitsa aliinama akaokota kijiti kisichokuwa na kazi yoyote.

Alasiri hiyo mama alijilaza kitanda cha chini, Zornitsa cha juu. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nje baba alikuwa anagonga kitu kwa nyundo. Joto lilitulia juu yao kama blanketi.

Pampu ikalia. Ikanyamaza. Ikalia.

“Zori,” mama alinong’ona. “Uko kitandani?”

“Niko.”

“Baba yako yuko nje?”

Nyundo iligonga. “Ndiyo, mama.”

Mama alingoja nyundo igonge tena. Kisha akanong’ona, “Basi nani yuko kwenye sinki?”

Zornitsa hakutaka kutazama. Alitazama. Hakukuwa na mtu. Lakini sakafu mbele ya sinki ilikuwa imebonyea, kama inavyobonyea mtu akisimama pale. Pampu ikanyamaza. Sakafu ikainuka. Ikabonyea hatua moja karibu na ngazi ya kitanda chake.

Hakumbuki alivyotoka. Alijikuta uani, miguu mitupu, ameshika ndoo na brashi ya shangazi. Akakimbia zile kilomita nne mpaka kwenye kona. Alitaka asafishe kabla mtu hajamwona, amalize, iwe kama haikutokea.

Mzee Mincho alikuwa ameshafika. Alikuwa amekunja mikono ya shati, ameingiza mkono horini mpaka begani, anazibua tundu. Mbuzi wake walisimama mbali, hawataki kusogea. Alimwona Zornitsa na ile ndoo, akamtazama mpaka miguuni.

“Sikufanya mimi,” alisema. “Ila kijana anataka maji.”

Zornitsa alipiga magoti juu ya mawe. Akamwambia. Sauti ilitoka ndogo, na alipofika kwenye wale vijana wa Sofia ilionekana sababu ya kijinga kabisa, kitu ambacho huwezi kumwambia mtu mzima ambaye mkono wake umezama katika uchafu wako. Mzee Mincho hakumkemea. Aliendelea kuzibua. Tundu likafunguka, maji machafu yakashuka kwa kishindo.

“Usiniambie mimi,” alisema mwishowe. “Mimi nimezoea kutukanwa. Kamwambie Tsonka, tena palepale aliponitukania.”

Wakasugua pamoja mpaka jiwe likawa jeupe. Muda wote huo Zornitsa hakuinua uso kutazama picha. Alijua iko pale, juu kidogo ya kichwa chake. Alihisi utosi unamwuma, kama mtu ameuwekea mkono wa baridi.

Alisema barabarani, mbele ya majirani, mbele ya baba na mama. Alisema yote: sanduku, uongo, hori. Mama alijifunika uso kwa aproni. Baba alitazama chini kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe.

Shangazi Tsonka hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. “Ungelibeba tu,” alisema. “Ungelileta hapa kwangu, ningekucheka siku mbili, tukasahau.” Kisha akavaa kitambaa kichwani, akaenda kwa Mzee Mincho kumwomba radhi, na aliporudi akapita karibu na Zornitsa, akaingia ndani.

Usiku ule hakuna kilicholia. Asubuhi tangi lilikuwa limejaa vilevile, lita themanini. Baba alifungua mlango wa gari, akasita kwenye kidato.

Kulikuwa na nyayo. Nyayo za maji, za miguu mitupu ya mwanamume, zimeanzia mlangoni mwa gari, zimekata ua, zimepanda ngazi za nyumba. Walizifuata. Ziliingia ndani, zikapita jikoni, zikaishia chumbani kwa Kalin, kando ya kitanda chake. Zilizotoka hazikuwapo. Shangazi alikuwa amekaa kitandani pale, anatabasamu na kulia. Alisema mtu yeyote asipige deki.

Waliondoka saa nne. Baba aliuliza kama wapite kwenye kona, wasimame wanywe, waseme Mungu amrehemu. Alimwangalia Zornitsa kwenye kioo. Zornitsa alitaka kusema ndiyo. Alifikiria picha ile, na kwamba safari hii itabidi aitazame usoni. Akasema kuna barabara nyingine, ya chini, ndefu kidogo. Baba akaishika hiyo.

Shangazi hupiga simu kila Jumapili. Huongea na baba, huongea na mama. Agosti ikaisha, na kila mara alisema nyayo hazijakauka.

Jumapili iliyopita walikuwa mezani simu ilipoita. Baba alisikiliza kwa muda mrefu, akashukuru, akakata. Mama akamuuliza kuna nini. Alisema zimeongezeka nyayo nyingine pale chumbani. Jozi moja. Ndogo, za msichana. Zimesimama mlangoni, zinatazama kitanda, kama mtu aliyekuja kuomba msamaha akakosa pa kuanzia. Kila asubuhi shangazi huzikuta mbichi.

Zornitsa aliuliza kama zimeingia ndani hata hatua moja.  Baba alikuwa anatazama sakafu chini ya kiti cha Zornitsa, iliyolowa maji pale alipokuwa ameweka miguu.