Mistari Miwili Kwenye Ndoo ya Taka

Jumatatu asubuhi dirisha la maabara ya hospitali lilikuwa limejaa watu, wengine na vikopo vya mkojo mkononi, na mama mmoja akilalamika kwa niaba ya wote. Msichana mwenye koti jeupe jipya, mwanafunzi wa ufamasia aliyekuja kwa mazoezi, alipenya akaweka chupa ya damu iliyotoka wodini.

"Dada, hii ni ya kupima sukari," fundi wa maabara alimwambia. "Mbona kifuniko cha zambarau? Inatakiwa ya kijivu."

"Rangi ni rangi tu, kaka."

"Basi siku ya harusi yako uvae nyeusi."

Hata yule mama wa malalamiko alicheka.

Wenzake walimwita fundi huyo Hadubini, kwa sababu ya miwani yake minene. Yeye akamwita msichana Vidonge. Mwezi haukuisha wakawa chanda na pete, wanapigiana simu hata kutoka ghorofa moja kwenda nyingine.

"Vidonge wangu, umekula?"

"Nitakula saa ngapi? Nasoma vipimo, kichwa kimejaa."

"Jioni njoo kwangu nikufundishe. Tena nina jambo la kukwambia."

Alikwenda, amevaa gauni la bluu, nywele zimesukwa upya. Mlango ulikuwa wazi, chumba kimefagiliwa, mwenyewe ametoka kununua mkate. Msichana alikwenda kutupa ganda la ndizi, na ndani ya ndoo ya taka akaona kipimo cha virusi vya ukimwi, kile ambacho watu hununua duka la dawa wakajipime nyumbani. Kilikuwa na mstari mmoja mzito. Wa pili ulikuwa hafifu, lakini ulikuwepo, na miwili maana yake virusi vipo.

Alikitoa, akakiweka juu ya meza, akaondoka bila kungoja mkate. Alimfungia namba Hadubini, akaomba mazoezi ahamishiwe hospitali nyingine. Nani angemwambia kitu mwanafunzi wa ufamasia? Alipimwa, akaambiwa yuko salama, na bado alilia wiki nzima. Mlinzi wa hosteli alimwambia kuna kaka wa miwani anamuulizia.

"Mwambie nimehama," alijibu.

Wiki sita baadaye alikaa kwenye mtihani. Swali la nne lilisema: mteja amekuja na kipimo cha nyumbani alichokisoma zikiwa zimepita saa tisa tangu ajipime, mweleze.

Aliandika kwamba kipimo husomwa ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye boksi, kwamba kikikaa kikakauka huweza kuchora mstari wa uongo, na kwamba hata mstari uliosomwa kwa wakati lazima uthibitishwe maabara. Yote hayo aliyajua tangu siku ile ya ndoo, na hilo ndilo lililomuuma.

Alipotoka alikwenda hospitali ile ya kwanza, akamkuta Hadubini maabara, ananawa mikono.

"Nisamehe. Kile kipimo nilikisoma muda wake umepita."

"Nilijipima alfajiri, kilikuwa na mstari mmoja," alisema taratibu. "Hata maabara nilipima. Mama alikuwa anajiandaa kuja kwenu kuposa, nikataka nije na majibu yangu mkononi. Ndilo jambo nililotaka kukwambia."

"Mimi mjinga, mpenzi. Nirudie."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Alikuwa amekonda.

"Nikuulize kitu kimoja tu. Mstari ule ungekuwa wa kweli, leo ungekuja?"

Msichana alifungua mdomo. Neno "ndiyo" lingetosha, na alilitaka kwa moyo wote. Lakini alimpenda, akashindwa kumdanganya.

"Sijui," alisema.

Dirishani mtu aligonga, akauliza majibu yake.

"Ahsante kwa kusema kweli." Hadubini alimwashiria mtu wa dirishani asubiri kidogo. "Vidonge, kila siku nawapa watu majibu mabaya hapa. Wengine wanaondoka wameshikwa mkono na wenzi wao. Mimi namtaka huyo wa kunishika."

Akavaa miwani yake, akaenda kumhudumia mgonjwa.