Usikinyooshee Kiboga Kidole!

Haya, sogeeni karibu, tuingie bustanini pamoja. Polepole jamani, msikanyage miche!

Bustani hii ni ya mama yake Mghoi. Iko nyuma ya jiko, kule milima ya Taita. Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha, na kila kitu kilikuwa kimependeza.

Mghoi alipita akitazama. Sukuma wiki ilikuwa na majani mapana. Kunde zilikuwa zimetambaa juu ya fito. Konokono alikuwa akitembea na nyumba yake, polepoleee.

"Lo! Uzuri gani huu!" alisema Mghoi.

Akainua jani moja la boga. Akaona nini? Kiboga! Kijani, cha mviringo, kidogo kama gololi. Kichwani kilikuwa na ua lililofumba.

"Wakio! Wakio!" Mghoi alimwita dada yake mkubwa. "Kiboga kileee!" Na kidole akakinyoosha.

"Wee! Shusha kidole!" alisema Wakio. "Boga halinyooshewi kidole. Litaoza, lianguke, pu! Kwani hujui?"

Maskini Mghoi, hakujua. Alificha mikono yote miwili mgongoni.

Mikono nyuma, macho mbele!
Kiboga, kiboga, usioze!

Jioni Mghoi hakula vizuri.

"Una nini, mwanangu?" aliuliza Mama.

"Nimekinyooshea kiboga kidole." Machozi yakamtoka. "Kitaoza, Mama. Na ni kizuri sana!"

Mama hakucheka. Alimchukua Mghoi mpaka bustanini. Kisha, mtoto wa watu akashangaa: Mama naye alinyoosha kidole!

"Kiboga kile!" alisema Mama. "Basi, tumenyoosha wawili. Si wewe peke yako."

"Mama! Si kitaoza?"

"Kiboga hakiogopi kidole. Kinamngoja nyuki. Kesho asubuhi ua litafunguka. Nyuki akiliingia na unga wa ua lingine, kiboga kitakua. Asipokuja, ua litafumba, na kiboga kitaanguka."

Kulipokucha, Mghoi alikimbia bustanini. Ua limefunguka! La njano, kubwa, zuri ajabu! Lakini manyunyu yalikuwa yakianguka. Cha, cha, cha. Na nyuki? Hayupo.

Mikono nyuma, macho mbele!
Kiboga, kiboga, usioze!

Chungu akapita. "Si wewe," alisema Mghoi.

Kipepeo mweupe akaja, akapepea, akaenda zake. "Wala si wewe."

Cha, cha, cha. Ncha za ua zikaanza kujikunja.

"Nyuki, njoo basi! Njoo, tafadhali!"

Manyunyu yakaacha. Jua likatoka.

Vuuu! Vuuuu! Nyuki huyo!

Akaingia ua la kando. Akatoka amejaa unga wa njano: miguuni, tumboni, hata mgongoni! Mghoi hakuwahi kuona mdudu aliyependeza hivyo.

Lakini alaa! Mbona anaelekea kwenye nyanya?

"Huku! Huku!" alilia Mghoi.

Vuuu... Nyuki akazunguka. Vuuu... Akarudi. Akaingia ndani kabisa ya ua la kiboga! Mghoi hakupumua.

"Mama! Ameingia! Ameingia!"

Siku zikapita. Kiboga kikawa kama limau. Kikawa kama ngumi ya Mama. Kikanenepa, kikanenepa!

"Sasa ni kama kichwa cha Wakio," alisema Mghoi.

"Nikome!" alisema Wakio, akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni moja Mghoi alichuchumaa bustanini. Hakikuwa kiboga tena. Lilikuwa boga, boga hasa! Akalikumbatia kwa mikono yote miwili. Lilikuwa na joto la jua.

"Hukuoza," alilinong'oneza. "Hukuoza, mpenzi wangu."

Mama alipokuja kumwita akalale, alimkuta amekwisha kulala, shavu lake juu ya boga.