Maji Machafu ya Nesta

Kwingine mwanamume akikupenda hukununulia kanga. Tunduma hukubebea maji, na mtaa ukimwona na ndoo yako begani huanza kuulizana mshenga atakuja lini.

Edson hakulijua hilo. Kwao Ikinga vijito hupita karibu na nyumba. Hapa alikuwa mwanafunzi wa stashahada, mpangaji wa chumba kimoja mtaa wa Sogea, na siku ile alikuwa akipenya kati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka alipomwona msichana akiinua beseni juu ya mtaro.

"Dada, usimwage!"

Msichana huyo, Nesta, alikuwa amejifunga kitenge kilicholowa hadi magotini. Vidole vilimchubuka kwa sabuni. Tangu alfajiri alikuwa akifua mablanketi ya manyoya ya nyumba za wageni.

"Kaka, haya machafu."

"Ndiyo ninayoyataka."

"Chuoni kwenu mnakunywa haya?"

Edson akacheka, akaeleza. Blanketi la namna ile likifuliwa hutoa nyuzi za plastiki zisizoonekana kwa macho, nazo huishia mtoni watu wanakochota. Yeye alifuga mwani wa maji baridi, ule ukijani unaoota kwenye pipa lililosahaulika. Una utelezi: nyuzi hunata, huwa nzito, huzama. Mwisho wa muhula mwalimu wake angekuja kuukagua.

"Nipe machafu, nikuletee safi."

Foleni ya bomba ilikuwa ndefu. Nesta akakubali.

Ikawa kila jioni simu inaita.

"Mama Povu, umefua?"

"Nimefua, Bwana Ukungu. Wahi kabla sijasinzia, mgongo hauna hali."

Nesta alikuwa hoi, lakini alianza kumsubiri akiwa na blauzi nyekundu, mikono imepakwa mafuta. Shangazi yake Ketrina, aliyemlea, akatenga jogoo wa kumchinjia mshenga. Hatimaye uvumilivu ukamwishia, akamuuliza Edson uani, majirani wakisikia:

"Baba, wazee wenu watafika lini?"

"Wazee? Wafuate nini, mama? Mimi nafuata maji machafu tu."

Nesta alikuwa mlangoni. Akageuka, akarudi ndani. Kesho yake alimpa ndoo kama kawaida.

Siku iliyofuata simu iliita mapema.

"Nesta, mwani wangu wote umekufa. Umekuwa mweupe! Ulitia nini kwenye maji?"

"Jiki, ile ya kung'arisha mashuka."

"Kwa kujua?"

"Kwa kujua kabisa. Ulinibebea ndoo mchana kweupe, watu wakanihesabu mchumba, halafu ukasema mbele yao unafuata maji machafu tu, kana kwamba mimi ni mtaro." Akakata.

Edson alikaa kitandani akiyatazama madumu ya mwani uliokufa. Chupa moja ya mbegu ilibaki dirishani, bado kijani. Mwani angeweza kuuotesha tena. Jioni ilipofika, mkono ukaichukua simu wenyewe, akakumbuka hana wa kumwita Mama Povu. Hapo ndipo alipochoka kweli.

Asubuhi alipanga foleni bombani. Alifika uani kwa Ketrina shati limelowa, ndoo ya maji safi begani.

"Machafu yako yale pale," Nesta alisema bila kuinua uso.

"Leo siyataki."

"Basi umefuata nini?"

"Wewe." Alisema kwa sauti, jirani aliyekuwa akianika nguo akasimama. "Jumamosi baba mdogo anakuja kutoka Ikinga. Nimeshampigia."

Nesta akaketi kwenye ukingo wa beseni. Macho yalimwuma kwa usingizi.

"Na mwalimu wako?"

"Amenifokea. Naanza upya muhula ujao." Akachuchumaa mbele yake. "Lakini mpenzi, na wewe niombe radhi kidogo. Ile ilikuwa kazi yangu ya muhula mzima."

"Huyo baba mdogo aje, nimekubali. Na maji machafu nitakupa hata ya mtaa mzima." Akasimama, akaukamua upindo wa kitenge. "Lakini kwa ile jiki siombi radhi, Edson. Si leo, wala siku ya harusi."