Kipi Kitangulie Ndooni

Kila Jumamosi mama alitengeneza sabuni uani, na binti yake, ambaye shule nzima ilimwita Bingwa, alifanya hesabu akiwa kizingitini. Siku hiyo hapakuwa na upepo. Nguo zilining'inia kwenye kamba kama zinazosikiliza jambo.

"Mama, rahisi hii! Harufu tatu: limau, waridi, mdalasini. Ukichagua mbili za kuchanganya, ni njia tatu. Halafu watu watatu wapange foleni. Njia moja."

"Moja? Foleni ina wa kwanza na wa mwisho."

"Watu si ni walewale? Atangulie nani, haidhuru."

"Haya, Bingwa." Mteja alibisha langoni. Mama akavua glavu. "Usiguse ndoo. Magadi makali huunguza ngozi, hayaulizi mtoto wa nani."

Mama akaenda langoni. Kitinda, mdogo wa Bingwa, alichuchumaa kando ya ndoo tupu akichora mtu mavumbini. Bingwa alilitazama kopo la magadi, akalitazama jagi la maji. Vitu ni hivi hivi viwili, akawaza; ngoja nimpunguzie mama kazi. Akamwaga magadi ndooni, kisha akainua jagi.

Maji yalipogusa magadi, ndoo ilinguruma. Mvuke ukapanda, ukamkaba koo. Kitinda akainama kuchungulia.

Mkono wa mama ulimnyakua kwa ukosi wa shati na kumvuta nyuma. Matone yalirukia pale alipokuwa, yakatua yakichemka juu ya mtu aliyemchora.

"Kichwa chake kimeenda wapi?" Kitinda akauliza.

Mama hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Bingwa zaidi. Aliwasogeza wote mbali, akawakagua nyuso na mikono. Wazima.

"Magadi hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo," akasema. "Maji hayamwagwi juu ya magadi. Vitu si ni vilevile?"

"Ni vilevile," Bingwa alinong'ona, "ila kilichotangulia sicho."

"Rudia foleni yako."

Bingwa akaokota kalamu. "Wa kwanza, yeyote kati ya watatu. Wa pili, kati ya wawili waliobaki. Wa mwisho hana hiari. Sita, mama."

"Na harufu?"

"Tatu tu. Limau na waridi, waridi na limau, mchanganyiko ni uleule."

"Basi kabla ya kuhesabu jiulize: nikigeuza mpangilio, kitu kinabadilika? Kikibadilika, hesabu kila mpangilio. Kisipobadilika, hesabu kundi mara moja." Mama akavaa glavu. "Na nikisema usiguse, mwanangu, hapo hakuna hesabu. Usiguse."