Chumba cha Mama, Ghorofa ya Kumi na Nne

Bibi Siok Geok alibisha hodi mara tatu kwenye mlango wa chumba kisicho na mtu, kama abishavyo kila mwenye akili zake ukiingia mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi wa wafu kutembea. Kutoka ndani sauti ya mwanamke ikamjibu, "Ngoja."

"Ma, unambishia nani?" Mwanawe Boon Teck alikuwa nyuma yake, anacheka. "Hakuna mtu humo."

"Pako patupu tangu mwaka jana, Auntie," akadakia Desmond, dalali, huku akifungua.

Kweli palikuwa patupu. Ila palinuka mafuta ya kuchulia na uji wa mchele uliochacha.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya funguo mbili. Ukipita mlango mkuu unakuta kiukumbi, kisha milango miwili: wa kushoto wa nyumba kubwa, ambayo Boon Teck na mkewe Peiling walishaipangia makochi kichwani, na wa kulia wa hiki chumba chenye jiko dogo na choo, cha mama. Bei ilikuwa chini kwa kuwa hakuna Mchina anayenunua nyumba mwezi huo. Kilichobaki ni mama kukubali kuuza nyumba yake ya mtaa wa Toa Payoh, alimoishi miaka arobaini na moja. Bila sahihi yake hakuna ununuzi.

"Mama, tutakuwa pamoja, lakini kila mtu na mlango wake," Peiling alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Raha gani kama hiyo?"

Wakaenda kupima madirisha ya upande wao. Bibi akabaki peke yake, saa nane mchana, mvua ikinyesha. Akaona kitasa cha mlango kimewekwa upande wa nje. Akaona mikwaruzo ndani ya mlango, chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala sakafuni. Kisha ile harufu ikamsogelea, ikasimama begani, na pumzi baridi ikaanza kumnong'oneza kwa Kihokkien, Kichina cha wazee, taratibu, bila hasira, kama jirani anayempa mwenzake habari za mtaa, naye akasikiliza mpaka mwisho huku mkojo ukitaka kumtoka, kwa sababu kila alichoambiwa alikielewa.

Alitoka rangi imemwisha. "Mna mtu humo," akasema. "Amefia humo."

"Ma, visingizio hivyo!"

Lakini Desmond alikuwa anatazama viatu vyake. "Kulikuwa na bibi," akakiri. "Alikuwa anasahau njia, basi mwanawe akawa anamfungia. Yeye na mkewe wakaenda likizo Perth, kila mmoja akidhani mwenzake amemwambia dada wa kazi aje kumwangalia. Wiki mbili."

Mtu mwenye haya angeondoka hapo hapo. Boon Teck aliomba apunguziwe bei tena.

Jumamosi akamleta Mzee Hock, mganga wa hekalu dogo la Geylang, na vibao vyake viwili vyekundu vya umbo la mwezi. Unauliza, unavirusha: kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, ni ndiyo. Vikilala sawa, ni hapana.

"Tununue?" aliuliza Boon Teck. Hapana. Akarusha tena. Hapana. Akarusha ya tatu, ya nne.

"Bwana, umeshajibiwa," mganga akamwambia.

"Sijauliza vizuri." Akavifuta vibao kwa shati. "Mama yangu akiingia humu, huyu atatoka?"

Ndiyo. Akarudia, ndiyo. Akarudia, ndiyo.

Mzee Hock alivikusanya vibao vyake. "Unajua umeuliza nini? Huyo anatafuta wa kushika nafasi yake."

"Si atatoka? Basi yamekwisha, Mzee."

Mama yake alikuwa amesimama pale pale, mkoba mkononi. Boon Teck hata kumtazama hakumtazama. Bibi alimlea huyo kwa kuuza tambi tangu alfajiri, mikono ikimbabuka kwa mvuke, na siku hiyo moyo ulimkatika kabisa. Mzee Hock aliikataa bahasha nyekundu ya ujira wake akaenda zake.

"Nitasaini," alisema bibi. "Ila kitasa kigeuzwe. Nifunge mimi, kwa ndani."

"Ee Mama, hilo tu?" Peiling akamkumbatia.

Walihamia mwezi wa tisa. Chumba cha mama kilikuwa kitulivu, harufu imetoweka, naye akilala fofofo. Upande wa pili ndiko nguo za kabatini zilikoanza kunuka uji, ndiko Peiling alikokuta mvi ndefu ndani ya wali, na Jumapili moja asubuhi, wakinywa kahawa, kitu kikaanza kukwaruza chini ya kochi, kikatoka kikijiburuta kwa viwiko, kinatabasamu, kinawaita "wanangu," nao wakakimbilia kiukumbini wakauvuta mlango mkuu, mlango ukagoma, wakavuta tena, viwiko vikisikika sakafuni, pole pole, vinakuja.

Boon Teck akaugeukia mlango wa kulia. Akabisha mara tatu.

"Ma! Fungua! Ma, nakuomba!"

Bibi Siok Geok alikuwa anamenya chungwa. Aliyakumbuka maneno aliyonong'onezwa siku ile ya mvua: *Chumba hiki sikitaki, mwenzangu. Miaka sita niliwasikia watu wakicheka upande wa pili. Ingia wewe, nami nikakae na watoto.*

Vibao havikudanganya. Ni kwamba mwanawe hakuuliza huyo akitoka ataenda wapi, na yeye, aliyekuwa anajua, hakumwambia.

Alitazama ufunguo uliokuwa mezani, karibu na maganda. Kule nje Peiling alianza kupiga mayowe.

"Ngoja," bibi akasema, akaongeza sauti ya televisheni.