Buluu ya Kijito cha Endasak

Ng'ombe tisa walilala ukingoni mwa kijito, chini kidogo ya kijiji cha Endasak, matumbo yamevimba na povu midomoni. Maji yenyewe yalikuwa ya kijani, mazito kama mlenda.

Mfugaji Gidahoda hakutaka maneno mengi. "Wamekunywa, wamekufa. Shamba la hapo juu ni la nani?"

Lilikuwa la Bibi Efrazia, mkulima wa vitunguu, ambaye wiki moja kabla aliwafukuza ng'ombe hao hao shambani kwake kwa fimbo. Nyumbani kwake ikakutwa chupa ya dawa ya wadudu. Inspekta Renatus akamweka mahabusu kwa kosa la kutia sumu mtoni. Siku ya tatu angepanda kizimbani, na mama wa watu ana miaka sabini!

Renatus alijua kesi imekwisha. Kumbe ilikuwa bado mbichi kabisa.

Siku ya pili alifika Imakulata, mtaalamu wa maabara ya maji, na begi lake la chupa. Akapima.

"Dawa ya wadudu haimo, Afande. Iliyojaa ni fosfati. Ndiyo chakula cha huu mwani wa kijani, na mwani huu una sumu."

"Si itakuwa mbolea ya vitunguu vya bibi?"

"Tupande tuone."

Wakapanda kwa miguu. Kila dimbwi Imakulata alichota maji, akatia matone ya kemikali, akangoja. Yakigeuka buluu, fosfati ipo. Buluu ikikolea, imezidi. Chini ya shamba la Efrazia ilikuwa buluu. Juu ya shamba lake ikakolea zaidi.

"Umeona, Afande? Inatoka juu. Bibi wa watu ameletewa tu."

Renatus alifuta jasho kwa aibu. Miaka kumi na minane ya upelelezi, hajapata shahidi asiyehongeka wala kutishika kama ile chupa ya maji ya buluu. Na binti mwenyewe jamani! Hakuruka dimbwi hata moja, hata walipotambaa kwenye miiba. Mpelelezi ni huyu, alikiri moyoni, mimi nimebeba begi.

Dimbwi la kumi na moja, maji yakabaki maangavu. Wakarudi nyuma hatua thelathini, wakaona mfereji. Waliufuata hadi bwawa la samaki la kikundi cha kijiji. Lilikuwa tupu, tope la kijani linakauka. Benedict, mtunza bwawa, alikuwa anafukia kitu kwa jembe.

"Samaki wako wapi, Benedict?"

"Wameibwa, Afande."

"Na maji nayo yameibwa?"

Benedict akazidi kufukia.

"Mbolea uliweka kiasi gani?"

Benedict aliachia jembe. "Tulifundishwa konzi mbili kwa wiki, maji yawe kijani, samaki wapate kula. Niliweka mfuko mzima ili wanenepe kabla ya siku ya kuvua. Asubuhi wote wanaelea! Miaka yote naitwa mlevi, Afande. Kikundi hiki ndicho cha kwanza kuniamini. Nikaona aibu. Nikafungulia maji yaende."

"Bibi Efrazia yuko ndani kwa ajili yako. Ulijua?"

"Nilijua. Uji anaokunywa kule nampelekea mimi."

Renatus alifungua mahabusu kwa mkono wake mwenyewe. "Shikamoo, Bibi. Nimekukosea sana. Aliyekutoa ni huyu binti."

"Marahaba." Efrazia alimkumbatia Imakulata, hakumwachia upesi. Kisha akauliza, "Ni nani basi?"

Alipotajiwa jina, alikaa chini.

"Kila alipoleta uji aliniuliza kama nimelala salama," alisema, na hapo ndipo alipolia.